Mguu wa Mtoto Ukilazwa Vizuri, Picha Husema Kweli

Mwezi huu tunaandika juu ya jambo lililotupata mwaka 2023, kwa sababu kila tukikaa kwenye foleni ya maji kuna mama au baba anayetuuliza: hivi eksirei ya mguu inapigwaje? Inaumiza? Mbona wengine wanarudishwa kupigwa mara ya pili? Basi tukaona bora tuandike, wote wapate.

Mtoto wetu wa mwisho alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane. Siku hiyo tulikwenda kuchukua mgao wa chakula, yeye akabaki na binti wa jirani, msichana wa miaka 11 ambaye hutusaidia kumwangalia. Tuliporudi msichana alitueleza kwamba mtoto alikuwa anakimbia, mguu ukanasa kwenye kijishimo, akajipinda na kukaa chini. Hakuanguka kutoka juu. Hakukuwa na damu, wala uvimbe wa kuonekana. Lakini tangu saa ile alikataa kukanyaga. Ukimsimamisha anainua mguu wa kulia kama kuku aliyekanyaga makaa.

Maneno yakaanza mtaani. Wengine ati msichana alimwangusha, anaficha. Wengine wakasema alimpiga. Mama yake alikuja kwetu analia: "Shemeji, mwanangu hawezi kufanya hivyo, mnamjua." Bibi naye alitaka mtoto apelekwe kwa mzee mmoja anayekanda mifupa. Tukamwambia, "Bibi, tuvumilie, kwanza hospitali." Kwa upande wa msichana tuliwajibu watu hivyo hivyo: kwanza tujue mguu una nini.

Tukapata barua ya rufaa, tukatoka kambini mpaka hospitali moja. Watu walikuwa wengi. Mtoto analia, anarusha mateke, mguu umegeukia nje, na hivyo hivyo ikapigwa picha moja tu. Ikatoka na ukungu, kifundo cha mguu hakionekani. Tukaambiwa hakuna mvunjiko, mpeni dawa ya maumivu. Siku ya tano mtoto bado hakanyagi.

Daktari wa hapa kambini alipoiangalia ile picha alitikisa kichwa. Akamshika mtoto taratibu, akaminya mguu mzima kwanza, halafu ule mwingine, kuanzia goti kushuka. Alipofika chini ya muundi, mtoto akapiga kelele. Akasema, "Picha hii haitoshi. Nitamfunga kibao, na baada ya siku kumi mtakwenda kupiga upya, mguu mzima na pande zaidi ya moja."

Safari hii tulipelekwa kwingine, na mtaalamu wa mionzi hakuwa na haraka. Kabla ya kugusa mashine aliuliza, "Mama, una mimba?" Ndiyo, ilikuwa ya miezi mitano. Akasema, "Basi mama atasubiri nje, baba ndiye atashika." Baba akavishwa aproni nzito yenye risasi ndani. Mtoto akavuliwa suruali, akafunguliwa na kamba aliyofungwa kifundoni, kwa sababu chuma, shanga, vifungo, hata matope yaliyokauka, vinaweza kutokea kwenye picha na kumchanganya daktari.

Picha ya kwanza: mtoto alilazwa chali, mguu umenyooka, kaseti iko chini yake. Pia ya goti inatazama juu, vidole vya mguu vinatazama juu, wayo umesimama. Mguu ukigeukia nje, mifupa miwili ya chini ya goti inafunikana na ufa mdogo unajificha. Picha ya pili: alilazwa ubavu, upande ule ule wa mguu unaouma, goti limekunjwa kidogo. Picha ya tatu mguu uligeuzwa ndani kidogo tu, nusu mbele nusu ubavu. Baba alishika goti na vidole, mikono yake ikiwa nje ya ule mwanga unaoonyesha mahali mionzi itakapopita. Mtaalamu akamwambia, "Baba, mwimbie." Akamwimbia. Mtoto akatulia, mashine ikalia, kwisha. Haikuuma hata kidogo.

Mtaalamu alitueleza sababu. Mfupa ni kama kijiti. Kijiti kilichopasuka ukikitazama upande mmoja unaweza kukiona kizima, ukikizungusha ndipo unaona ufa. Kwa hiyo picha ya mguu uliojeruhiwa hupigwa angalau pande mbili, ya mbele na ya ubavu. Na ionyeshe viungo viwili, goti na kifundo cha mguu, maana mtu anaweza kuumia kifundo, kumbe mfupa mwembamba umevunjika juu karibu na goti. Mtu mzima mwenye mguu mrefu, kaseti huwekwa mshazari ili viungo vyote viingie, au zinapigwa picha mbili.

Kwa wenye maumivu ya unyayo au vidole mambo ni mengine. Mgonjwa anakaa, anakunja goti, anakanyaga kaseti kwa wayo wote, na mashine inainamishwa kidogo kuelekea kisigino. Halafu unyayo unainuliwa upande wa kidole kidogo, ili mifupa iliyopandana iachane. Tena kuna ya ubavu. Mara nyingine daktari anataka mgonjwa asimame wima, kama anaweza, kwa sababu mifupa ya katikati ya unyayo ikiachana huonekana vizuri uzito ukiwa juu yake. Kwa hiyo ukiambiwa "simama tena" usidhani unasumbuliwa bure.

Basi, kwenye picha ya mtoto wetu kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umezunguka muundi sehemu ya chini. Pembeni yake mfupa mpya ulishaanza kuota, na huo ndio unaoonekana baada ya siku saba hadi kumi. Daktari alitueleza kwamba mvunjiko huu unajulikana sana kwa watoto wa miezi tisa hadi miaka mitatu. Madaktari wa Kanada waliuandika mwaka 1964. Unakuja mtoto akijipinda tu anapokimbia, na picha ya kwanza mara nyingi haiuonyeshi hata ikipigwa vizuri. Daktari alimkagua mtoto mwili mzima, akasikiliza habari yote, akasema, "Alichosema msichana ndicho kilichotokea."

Tulirudi na maneno hayo mpaka kwa jirani. Mama yake msichana alikaa chini kwenye mkeka hakusema kitu kwa muda. Msichana mwenyewe alikuwa siku kumi na tano hatoki nje kucheza. Mtoto alifungwa plasta, baada ya wiki tatu ikatolewa, na leo anakimbia kuliko kaka zake. Anayemkimbiza ni msichana yule yule.

Wazazi wenzetu, tunawaomba haya. Mkipeleka mtoto, mwonyesheni mtaalamu kwa kidole mahali panapouma. Mweleze alivyoumia. Mama mwenye mimba aseme mapema, asione haya, na mtu mwingine ashike. Msiogope mionzi kupita kiasi: ile ya picha ya mguu ni kidogo kuliko ile ambayo mwili hupata kwa siku moja kutoka ardhini na angani. Lakini pia msidai picha bila sababu. Ikija na ukungu au imekatwa, ulizeni kwa heshima, "Daktari, goti na kifundo vimeonekana vyote?" Na mtoto akiendelea kukataa kukanyaga, rudini, hata kama mliambiwa hakuna kitu. Mguu usikandwe kabla ya kujulikana una nini.

Na kwa majirani: mtoto akiumia mikononi mwa mtoto mwenzake, tungoje kwanza. Msichana wa miaka 11 naye ni mtoto wa mtu.

Mungu awalindie watoto.

Ni sisi wazazi wenzenu.