Dawa, Kinywa na Saumu

Haya tuyaelezayo ni kosa letu wenyewe. Twayaandika kwa kuwa twajua wako walimu wenzetu waulizwao yale tuliyoulizwa sisi.

Katika Ramadhani ya mwaka 2006 alitujia mwanafunzi mmoja wa darasa letu la watu wazima hapa Tanga. Alikuwa akitumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, zilizoanza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Hakulalamikia homa, alilalamikia kinywa. Mate yalimkauka hata herufi ya dhaad ikimshinda. Chakula alikiona kina ladha ya chuma, na kwenye ulimi na fizi yalimtokea mabaka meusi, ambayo majirani walikwisha anza kuyatazama kila akicheka. Akatuuliza, "Maalim, na saumu nifanyeje?"

Tukamwambia aziache dawa mpaka Idi. Hatukumuuliza mtu. Elimu yetu ni ya chuoni na shule ya msingi, lakini mwalimu aliyezoea kuulizwa huona haya kusema hajui. Naye akatii.

Shawwal tulimkuta kitandani, kinywa kimejaa utandu mweupe, hata uji haumezeki. Virusi vilikuwa vimepata nafasi ya kuzaana. Tulipokiri kuwa shauri lilikuwa letu, muuguzi alitutazama kitambo. "Maalim," akasema, "mngalituuliza kama zaweza kunywewa futari na daku. Na ruhusa ya mgonjwa kula mchana, je, si ninyi mnaotufundisha?" Tukainamisha vichwa.

Kisha akatueleza. Mabaka yale huletwa na dawa iitwayo zidovudini. Hayaumi, wala si alama ya maradhi kuzidi. Ukavu waweza kuletwa na dawa au na maradhi yenyewe, na huo si wa kudharau, maana mate ndiyo yaoshayo meno. Yakipungua, meno huoza upesi. Basi mgonjwa anywe maji kidogo kidogo, apunguze vitu vitamu, apige mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floraidi. (Tukauliza juu ya mswaki wa mti, akasema ni mwema, ila dawa ya meno isiachwe.) Dawa ikimsumbua, daktari aweza kuibadilisha, asiikatize mwenyewe. Lakini vidonda vya kinywa vikitoka pamoja na upele wa mwili, hasa kwa atumiaye nevirapini, aende hospitali siku ile ile.

Tangu mwaka 2019 wengi nchini wamehamishiwa kidonge kimoja kwa siku, chenye dolutegravir, na jambo la saumu limekuwa jepesi zaidi, kwa shauri la daktari.

Mwenzetu huyo yu hai, naye ametupa idhini ya kuandika haya tukilisitiri jina lake. Magego mawili yamekwisha ng'oka. Nje ya Ramadhani huja darasani na chupa ya maji, akanywa funda kila baada ya aya chache. Tumemwomba radhi mara mbili. Mara ya pili alicheka, fizi zake zikaonekana, wala hakuziba kinywa kwa mkono.