Utambi wa Jiko

Mche wangu wa kwanza niliuua kwa maji. Ndiyo kwanza nilikuwa nimehamia Upanga, Dar es Salaam, na jirani yangu, mama mmoja wa Kihindi aliyekwisha kustaafu, akanipa kikopo cha mtindi chenye mmea wa majani manene, yenye malaika kama mkono wa mtoto mchanga. Maua yake yalikuwa ya waridi, kingo zimejikunjakunja kama kitambaa cha harusi. Kila asubuhi nikawa naumwagia maji ya bomba juu kwa juu, kama nilivyokuwa nikimwagilia mchicha wa mama. Wiki ya tatu niliugusa, ukang'oka wote mkononi. Kitovu kilikuwa kimeoza.

"Huu si mchicha, binti," jirani aliniambia, bila hata kunipa pole. Halafu akaongeza jambo nililolikataa papo hapo: eti ua hili kwao ni kwetu, Usambara.

Mimi nimekulia Amani, huko huko Usambara. Maua niliyoyajua kule yalikuwa madogo, rangi ya urujuani mtupu, yamejishikiza kwenye mwamba uliokuwa ukitiririka maji juu ya kijito chetu. Sisi watoto tuliyaita maua ya mawe. Hayakuwa mboga wala kuni, kwa hiyo hakuna mtu mzima aliyeyatazama mara mbili. Kuyabeba ukayapande nyumbani? Bibi angecheka mpaka akae chini.

Lakini jirani alisema kweli. Mwaka 1892 afisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyaona huku kwetu Tanga, yakafika Ujerumani kwa baba yake. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, akayapa jina la ukoo huo: Saintpaulia. Waridi, nyeupe, kingo za kukunjakunja, yote hayo yalikuja baadaye, kwa kazi ya wakulima wa ng'ambo. Wajerumani hadi leo huyaita urujuani wa Usambara. Nilisoma habari hizi nikiwa na umri wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Amani, na niliona haya kidogo.

Jirani akanipa jani moja tu, maana mche mzima hakuniamini nao tena. Alikata kikonyo mshazari, kikabaki kama urefu wa kifundo cha kidole, akakichomeka kwenye mchanganyiko wa mchanga na nyuzi za makumbi ya nazi zilizooshwa chumvi. Nisiguse, akasema. Mwezi ukapita, jani limekaa tu kama lilivyo. Nikalivuta kidogo, likakataa kutoka. Kumbe limetoa mizizi. Mwezi wa tatu, chini ya kikonyo vikachungulia vijani vidogo kama masikio ya panya. Niliwaita watu wa nyumbani waje kuona, nao walikuja kwa adabu tu.

Kuhusu maji alinifundisha ujanja wake: utambi mpya wa jiko la mafuta ya taa. Ncha moja unaipitisha kwenye tundu la kikopo hadi kwenye udongo, nyingine inaning'inia kwenye bakuli la maji yaliyolala ndani usiku kucha. Mmea unajinywea wenyewe. Maji ya baridi yakidondokea jani huacha madoa yasiyofutika, na yakituama kitovuni, ndiyo yale yaliyonipata. Siku hizi natumia uzi wa nailoni kwa sababu pamba huoza, ila bado nauita utambi.

Nikanogewa, nikaongeza na jamaa zake. Gloksinia yenye asili ya Brazili ilitoa vikombe vyekundu vya kifahari, kisha majani yakanyauka yote. Nikaitupa jalalani. Baadaye ndipo nilipojua kwamba ilikuwa imelala tu. Kiazi chake kilikuwa kizima udongoni. Hilo sijajisamehe.

Kilichobadilisha kabisa upandaji wangu, hata hivyo, ni safari ya nyumbani. Niliteremka kijitoni na binti yangu. Maua ya mawe yalikuwepo, chini ya kivuli kizito, na kwa mara ya kwanza niliangalia shinani badala ya kuangalia ua. Kulikuwa na kuvumwani na majani yaliyooza, unene usiojaza kiganja. Basi. Na mimi Dar nilikuwa nimehamishia mimea yangu kwenye makopo makubwa ya rangi, nikijiona mkarimu, halafu nashangaa mbona inatoa majani tu bila maua.

Binti yangu alitaka tuchume jani moja. Nilimkataza, msitu ule ni hifadhi tangu 1997, na ya mwambani ni machache.

Tuliporudi Upanga nilikusanya vikopo vyote vya mtindi vilivyokuwa jikoni, nikavitoboa chini kwa msumari wa moto. Jirani alisikia harufu ya plastiki, akaja kugonga mlango kuuliza kuna nini kinaungua.