Jeraha Lisiloonekana



Jambo hili tumekaa nalo moyoni zaidi ya miaka 30, na leo twaona yatupasa kulieleza, ingawa ndani yake limo kosa letu wenyewe. Huenda mzazi au maalim mmoja akajizuia na lile ambalo sisi hatukujizuia nalo.

Mwaka 1992 umri wetu ulikuwa miaka 21, nasi tukimsaidia mwalimu wetu kusomesha chuoni, mjini Mombasa. Januari ya mwaka uliotangulia serikali ya Siad Barre ilianguka Mogadishu, na fitina ikaenea pwani ya Somalia. Watu wa Barawa, mji wa wanavyuoni na wafanya biashara, waliingiliwa majumbani na wenye bunduki, wakaporwa na kuuawa. Wengi waliosalimika walipanda vyombo wakaja kwetu. Baadhi yao waliwekwa katika kambi kama za Utange na Benadir, na wengine wakapokewa na jamaa zao mjini. Hawakuwa wageni: Chimwini, lugha yao, ni ndugu wa Kiswahili, na dini yetu ni moja.

Miongoni mwao aliletwa chuoni mtoto wa miaka kama 10. Nyanya yake alitwambia kwamba huko kwao alikwisha kuhifadhi juzuu 5. Lakini kwetu hakutamka hata herufi moja. Kila akiitwa kusoma, alitazama chini. Chuo chetu kiliezekwa mabati, na kando yake palikuwa na mwembe. Embe likianguka juu ya bati, mtoto yule hujitupa chini ya meza, na mara nyingine hujikojolea. Wenzake walimcheka. Sisi tulidhani ni ukaidi, tukamchapa bakora. Hakulia; na kule kutolia tukakuhesabu kuwa ni kiburi, tukamwongeza.

Siku ya pili nyanya yake alikuja. Hakupaza sauti. Alisema: "Maalim, mwanangu, mtoto huyu hana kiburi. Usiku walipovunja mlango wetu alikuwa chini ya kitanda, akasikia babake akipigwa risasi. Kila akisikia kishindo, yeye yuko chini ya kitanda kile mpaka leo." Kisha alimshika mjukuu wake mkono, wakaenda zao.

Usiku ule hatukupata usingizi. Asubuhi tulikwenda kwa mwalimu wetu. Watu walikwisha kusema kwamba mtoto ana jini, na kombe alikuwa amenyweshwa. Mwalimu wetu, Mungu amrehemu, alisema: "Kumwombea dua ni wajibu wetu. Lakini mguu uliovunjika huombewa dua na hufungwa pia. Nendeni mkaulize wanaojua kufunga."

Tulikwenda kwa mwuguzi aliyewatazama wakimbizi. Alitufahamisha kwamba aliyeona mauaji aweza kubaki na hofu mwilini hata baada ya hatari kupita. Usingizi humtoroka, ndoto mbaya humjia, na sauti ndogo humrudisha pale pale. Si wazimu wala si utovu wa adabu. Asilazimishwe kusimulia, asipigwe, asichekwe. Apewe siku yenye utaratibu anaoujua, acheze na wenziwe, akae mahali anapouona mlango. Na asiyelala wala kula kwa muda mrefu, au anayetamani kufa, apelekwe kwa daktari bila ya kungoja.

Tulimwendea nyanya yake tukamsihi amrudishe mtoto, naye akakubali. Tukamweka karibu na mlango, na bakora tukaitoa chuoni. Miezi ilipita. Siku moja tulikuwa tukisomesha, tukakosea madda, na sauti nyembamba kutoka mlangoni ikatusahihisha. Chuo kizima kilinyamaza. Tangu siku hiyo alisoma. Ingawa embe likianguka, bado alishtuka.

Ndugu zetu, wako wasemao kwamba huzuni ya namna hii ni upungufu wa imani. Nabii Yaaqub alimlilia mwanawe Yusuf hata macho yake yakawa meupe, na Qurani yenyewe imetupa habari hiyo. Nani atathubutu kusema kuwa imani yake ilipungua? Na Abu Zaid al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, alitunga kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi pamoja, akaonyesha kwamba nafsi nayo huugua na hutibiwa. Mwaka 2019 Shirika la Afya Ulimwenguni lilieleza kuwa, katika nchi zilizopatwa na vita, kiasi cha mtu 1 katika kila 5 ana maradhi ya namna hii.

Tangu Oktoba 2017 ndugu zetu Wamwani wa Cabo Delgado, Msumbiji, wamehamishwa makwao na mapigano. Na tangu Aprili 2023 watu wa Sudan nao. Enyi vijana, akija darasani mwenu mwenzenu wa namna hiyo, msimcheke. Nanyi wazazi, mpeni chakula na nguo, lakini mpeni na subira. Jeraha lake halionekani.

Mtoto yule alisafiri na jamaa zake kwenda Marekani kabla hatujamwomba radhi. Tulingoja siku iliyo njema zaidi, na siku ile haikuja. Leo ni mtu mzima, popote alipo. Tunamwomba Mwenyezi Mungu amponye, na tunamwomba yeye atusamehe.