Doti Nyekundu Haimjui Mwanao

Ukitaka kujua kwa nini mfanyabiashara wa mpakani hulala jicho moja likiwa wazi, fika Busia au Malaba saa za kufunga maduka. Malori yamejipanga foleni, vijana wa bodaboda, kazi ambayo jina lake lilizaliwa papa hapa mpakani, wanagombania abiria wa mwisho, na wenye kubadilisha fedha wanahesabu shilingi za nchi mbili mbele ya kila mpita njia. Kisha mapato ya kutwa huenda nyumbani mfukoni.

Shemeji yangu, mume wa dadangu mkubwa, ni mmoja wa watu hao. Ana duka la jumla Busia, na ana bastola ndogo ya kufichwa kiunoni, aliyopewa cheti chake kwa mujibu wa Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Mnamo Desemba 2018 serikali ilipoamuru raia wote wenye silaha wakaguliwe upya, naye alijitokeza, akapita. Lakini umri haupigi hodi. Ametimiza hamsini na ushei, macho yamechoka, na mwaka jana akaanza kuzungumzia kioo cha doti nyekundu.

Huenda hujakiona. Bastola ya kawaida hulengwa kwa kupanga vitu vitatu: mwanya wa chuma ulio nyuma, kinundu cha mbele, na kile unacholenga. Jicho haliwezi kuona vyote vizuri kwa wakati mmoja, na ukishapita miaka arubaini, aghalabu kinundu cha mbele hugeuka ukungu. Sasa hufungwa kioo kidogo juu ya bastola. Taa ndogo ya betri hupiga mwanga kwenye kioo, nao hurudi jichoni kama doti. Wewe watazama unacholenga tu, na doti inakaa juu yake. Haitupi mwali mbele; anayelengwa haioni. Kampuni ya Aimpoint ya Uswidi ilitoa kioo cha doti cha umeme mnamo 1975, na leo vimekuwa vidogo hata kutoshea bastola ya kiunoni.

Kukifunga si mchezo. Chuma cha juu cha bastola hurudi nyuma kwa kishindo kila risasi inapotoka, na kioo kimepanda juu yake. Skrubu ikilegea kidogo tu, doti husema uongo. Bastola nyingine, kama Glock 43X MOS, hutoka kiwandani zikiwa na nafasi ya kioo. Nyingine lazima zichongwe. Mafundi wetu wa jua kali ni hodari, lakini kazi hii ni ya fundi aliyesajiliwa kushughulikia silaha. Halafu doti lazima isawazishwe na risasi kwenye uwanja wa shabaha, si nyuma ya nyumba katikati ya mihogo. Uwanja wa Kirigiti, Kiambu, uko zaidi ya kilomita 400 kutoka Busia.

Jioni moja shemeji alikuwa akinieleza haya yote kwa furaha. Dadangu alikuwa akichambua mboga kimya. Akainua kichwa, akauliza: "Baba watoto, hiyo doti itamjua mtoto anayerudi kutoka msalani usiku?"

Hapakuwa na jibu, kwani jibu ni moja. Doti inaonyesha risasi itakwenda wapi. Haisemi aliyesimama gizani ni nani, wala ni nani amelala nyuma ya ukuta. Na pale Malaba, palipojaa akina mama wenye vikapu na matingo wa malori, risasi iliyokosa jambazi haikosi mtu.

Tena kuna jambo wengi hulisahau. Cheti cha Kenya hakikupi ruhusa ya kuingia Uganda na silaha. Shemeji huvuka mara nyingi kufuata bidhaa, na siku hizo bastola hubaki nyumbani penye watoto wanne. Ilikuwa ikikaa katika sanduku la bati chini ya kitanda, ufunguo ukining'inia kwenye msumari. Dadangu aliniambia kwamba siku hizo alikuwa akihesabu vichwa vya watoto kutwa nzima.

Basi mpango ukapinduliwa. Kwanza ilinunuliwa sefu, ikafungwa kwa bolti ukutani. Pili ikaja kurunzi nzuri, na desturi ya kuita jina kabla ya kunyoosha mkono. Tatu, safari ya mazoezi. Kioo kilikuja mwisho, na hata hapo, mara za kwanza shemeji aliinua bastola asiione doti kabisa, kwa kuwa kiganja kilipinda kidogo tu. Sasa anaiona, naye anakisifu kioo.

Msomaji, kama nyumbani kwako kuna silaha, sikwambii usifunge kioo. Waulize kwanza Bodi ya Leseni za Silaha na fundi aliyesajiliwa, uhakikishe kinundu cha zamani bado kinaonekana betri ikizima, na ujizoeze. Lakini kabla ya hayo yote, mwulize mkeo au mumeo analala vipi siku ambazo bastola imebaki nyumbani. Akisita kujibu, pesa za kioo zikanunue sefu.