Ndoa Moja, Karatasi Nyingi

Katika nchi yetu ya Kongo, Mkristu hufunga ndoa moja, lakini huifunga mara tatu. Mara ya kwanza ni mbele ya wazee, siku ya kutoa mahari. Mara ya pili ni komini, mbele ya karani wa serikali. Mara ya tatu ni kanisani, mbele ya padri na mashahidi wawili. Siku ya kwanza na siku ya tatu watu huchinja na kuimba. Siku ya pili haina ngoma, na kwa sababu hiyo wengi huiacha ipite. Husema: "Tunao wazee, tunaye na padri. Karatasi ya serikali ni ya nini?"

Sisi tunaoandika maneno haya ni mume na mke, wenyeji wa Bukavu. Karatasi ni ya nini tulijifunza katika miaka ile ambayo mmoja wetu alikaa Ubelgiji, na mwingine akabaki nyumbani. Tunaandika kwa ajili ya ndugu wa parokia walio na mume au mke ng'ambo, tena kwa ajili ya wazazi ambao watoto wao bado ni wadogo. Mambo haya huanza mapema kuliko watu wanavyodhani.

Tuliitoa mahari tarehe 2 Agosti 2014. Tarehe 29 ya mwezi uleule tulikwenda komini. Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 yaagiza hivyo: ndoa iliyofungwa kwa desturi katika jamaa yapasa kupelekwa mbele ya mwandishi wa serikali katika muda wa mwezi mmoja, ili ijulikane na watu wote. Kisha tarehe 20 Desemba tulibarikiwa kanisani. Mwaka 2016 mume akaenda Ubelgiji kusoma, na baada ya masomo akapata kazi katika mji wa Liège. Mke akabaki Bukavu. Ndipo tulipoanza kutafuta viza ya mume na mke kukaa pamoja.

Kwanza tueleze kazi ya karatasi hizo. Yule anayesoma maombi huko Brussels hakuwaona wazee wetu wakipokea mbuzi. Hakusikia kengele ya kanisa letu. Hatujui hata kwa sura. Anayo meza, na juu ya meza yamo makaratasi yetu tu. Yakisema neno moja wote pamoja, atasadiki. Yakibishana, atadhani sisi ni waongo. Kwa hiyo kutayarisha maombi si kukusanya karatasi nyingi. Ni kuangalia kwamba mashahidi wote wanasema neno moja.

Tulizipanga karatasi katika mafungu mawili. Fungu la kwanza lilikuwa la mume: mapatano yake ya kazi, karatasi za mshahara za kila mwezi, mapatano ya nyumba aliyopanga yaliyoandikishwa serikalini, na cheti cha bima ya ugonjwa. Sheria ya wageni ya Ubelgiji ni ya tarehe 15 Desemba 1980, lakini mwaka 2011 ilikazwa sana. Tulipoomba sisi, ilitaka mapato yasipungue asilimia 120 ya msaada ule ambao serikali yao humpa mtu asiye na kitu. Mwaka 2025 wameikaza tena na kubadili hesabu. Basi, anayeanza leo asifuate hesabu yetu, aulize kwanza hesabu ya leo.

Fungu la pili lilikuwa la mke: pasipoti, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, cheti cha tribinali kwamba hana kosa la jinai, na cheti cha daktari aliyekubaliwa na ubalozi. Vile vyeti vya Kongo havitoshi vikiwa na muhuri wa komini peke yake. Hupelekwa Kinshasa, wizara ya mambo ya nchi za kigeni ikathibitishe sahihi, kisha ubalozi wa Ubelgiji nao uthibitishe. Toka Bukavu hata Kinshasa hakuna barabara ya kutegemea. Wakati ule ilikuwa ni ndege, au kumtuma mtu unayemwamini.

Hapo ndipo shida ya kwanza ilipotokea, nayo ilikuwa shida ya majina.

Mke alizaliwa mwaka 1986, nchi ikiitwa Zaire. Wasomaji wazee wanakumbuka: mwaka 1972 Rais Mobutu alikataza majina ya Kikristu, na kila mtu akashika majina ya mababu. Katika kitabu cha ubatizo cha parokia yetu jina la mtakatifu liliendelea kuandikwa, lakini katika karatasi za serikali halikuonekana. Baada ya mwaka 1990 majina yale yakarudi. Kwa hiyo mtu mmoja ana jina la ubatizo katika karte ya mchaguzi na katika pasipoti, lakini katika karatasi za utoto hana. Baba yake vilevile: katika kitabu cha parokia anaitwa hivi, katika karatasi za mwaka 1975 anaitwa vingine.

Tena Mkongo ana jina, jina la pili, na jina la ubatizo, na ndugu wa tumbo moja mara nyingi hawana jina la pamoja. Karatasi za Ubelgiji zina nafasi ya jina la ukoo na jina la mtu mwenyewe tu. Lile jina la pili huwekwa mara huku, mara kule, kama apendavyo karani. Mtu mmoja hugeuka watu watatu.

Zaidi ya hayo, kuzaliwa kwa mke hakukuandikwa komini. Siku hizi sheria ya Kongo, kama ilivyotengenezwa upya tarehe 15 Julai 2016, huwapa wazazi siku 90 za kumwandikisha mtoto. Zikipita, hakuna njia ila tribinali. Basi tulikwenda kumwomba hakimu hukumu ya kushika nafasi ya cheti cha kuzaliwa. Alitaka mashahidi. Mama mzazi alikuja, na mjomba, na cheti cha ubatizo kutoka parokia, chenye jina la mtoto, majina ya baba na mama, na tarehe ya kuzaliwa. Kitabu kile kilikuwa kimetunzwa miaka zaidi ya 30, na vita vilivyopita hapo havikukigusa. Hakimu alikisoma cheti kwa makini akasema: "Mama, mapadri wamekuwekea akiba."

Lakini hukumu peke yake haitoshi. Lazima watu wajulishwe rasmi, siku za rufani zipite, tribinali itoe cheti kwamba hakuna aliyekata rufani, kisha komini iandike cheti cha kuzaliwa kwa nguvu ya hukumu ile. Kila hatua ina karatasi yake, na zote hutakiwa pamoja. Katika biro moja mwandishi alinakili vibaya jina la mama mkwe, akaacha herufi moja. Sisi tuliona siku ileile, tukamwonyesha. Akajibu: "Herufi moja si kitu, nendeni tu." Tulikataa kutoka. Kusahihisha kulichukua wiki 5. Zilikuwa wiki za uchungu, maana mume alikuwa akipiga simu kila jioni na kuuliza, na jibu lilikuwa lilelile. Lakini herufi ile ingemfanya mama mkwe kuwa mwanamke mwingine, na mke kuwa mtoto wa mtu asiyejulikana.

Katika wiki zile alitujia mtu mmoja mwenye maneno matamu. Alisema: "Nipeni fedha, nitawaletea vyeti vyote katika siku 3, na mihuri yake." Hatutaficha kwamba tulishawishika. Miaka 3 ya kukaa mbalimbali ni mizigo. Chakula cha mtu peke yake hakina ladha, na majirani huanza kuuliza kama kweli bado una mume. Usiku ule tuliongea kwa simu hata salio likaisha. Tulikumbuka habari ya jamaa mmoja wa mtaani kwetu. Ndoa yake ilikuwa ya kweli kabisa, sote tulicheza arusini. Lakini alinunua cheti kimoja cha uongo ili afanye haraka. Ubalozi hutuma watu kutazama vitabu vya komini, nao walipotazama, namba ya cheti ilikuwa ya mtu mwingine. Kwa ajili ya karatasi moja ya uongo, karatasi zake zote za kweli hazikusadikiwa tena. Wahenga walisema: njia ya mwongo ni fupi. Tulimwambia yule bwana aende na amani yake.

Shida ya pili ilikuwa ya tarehe. Ubelgiji huogopa ndoa za kujifanya, yaani watu wanaoandikishana ili kupata ruhusa ya kukaa tu. Kwa hiyo wanaweza kumwita mume huko na mke huku, kila mmoja peke yake, na kuwauliza maswali: Mlijuana wapi? Nani alipeleka mahari? Mlifunga ndoa siku gani? Swali hili la mwisho huonekana jepesi, kumbe ni mtego kwa sisi Wakristu. Mke moyoni mwake arusi yake ni ya Desemba, siku ya kanisa. Mume akiwa na cheti mkononi atasema Agosti tarehe 29. Baba mkwe akiulizwa atasema Agosti tarehe 2, maana siku ile ndiyo aliyopokea mahari. Wote watatu wanasema kweli, lakini karani atasikia watu watatu wasiopatana.

Dawa yake ni rahisi. Tuliandika barua ya ukurasa mmoja, tukaeleza siku zetu tatu kwa taratibu: hii ni ya desturi, hii ni ya serikali, hii ni ya kanisa. Chini yake tukaambatisha cheti cha komini, cheti cha ndoa cha parokia, na picha moja ya kila siku. Hatukuwajazia picha 100. Tuliongeza stakabadhi za fedha alizotuma mume, moja ya kila miezi 3, na za safari yake ya mwaka 2018 alipokuja kutuona. Kila karatasi tuliipa namba, na mbele tukaweka orodha.

Jambo jingine ni utaratibu wa wakati. Karatasi nyingine hukaa, nyingine huzeeka. Hukumu na cheti cha ndoa hukaa. Cheti cha tribinali cha kutokuwa na kosa na cheti cha daktari huzeeka katika miezi 6. Mtu akianza na vyeti hivi viwili, vitamfia mkononi wakati anangoja hukumu, naye atalipa mara mbili. Anza na vile vinavyokaa; vile vinavyozeeka uvichukue mwisho. Tena weka fedha ya ada mbili: ada ya viza, na mchango ambao Ubelgiji huutoza tangu mwaka 2015.

Tulitia maombi mwezi wa Machi 2019. Sheria iliipa ofisi ya wageni miezi 9 ya kujibu, nao waliitumia karibu yote. Jibu lilikuja Desemba, nalo lilikuwa ndiyo. Leo tunakaa pamoja.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na ndoa nayo ni mali. Kanisa lilijua jambo hili zamani: tangu amri ya Roma ya mwaka 1907, padri aliyefungisha ndoa huhakikisha kwamba habari yake imeandikwa hata katika kitabu cha ubatizo cha kila mmoja, popote alipobatizwa. Nasi tufanye vivyo hivyo upande wa serikali.

Basi, ndugu wasomaji, ninyi vijana mnaooa mwaka huu, msiiache siku ya komini ipite. Someni cheti herufi kwa herufi kabla ya kuondoka dirishani, hata karani akinung'unika. Ninyi wazazi, mwandikisheni mtoto kabla siku 90 hazijapita, na majina mnayompa komini yawe yaleyale mnayompa padri. Pigeni picha za karatasi zote, na nakala zikae kwa ndugu wa mji mwingine. Tangu vita vilipoingia Goma mwezi wa Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, watu wengi wamekimbia na nguo za mwilini tu. Nyumba hujengwa tena, lakini karatasi iliyoungua bila nakala humrudisha mtu mbele ya hakimu, akitafuta mashahidi ambao labda wamekwisha kufa.