Nilimwambia Afunue Miche

Mimi ndiye niliyemwambia mama mdogo afunue miche yake ya parachichi. Jambo hili nimelinyamazia tangu kipupwe kilichopita, na watu wa kijiji chetu bado wanaamini kwamba baridi ile ilikuwa ya ajabu, kwamba hakuna ambaye angeweza kuijua kabla. Si kweli. Yupo aliyeijua, na mimi nilimnyamazisha. Sasa tuko Mei, mvua zimekatika, mahindi yanakauka shambani, na watu wameanza tena kunisimamisha njiani wakitaka kujua mwaka huu baridi itakuwaje. Sina haki ya kuwajibu kabla sijasema nilichofanya.

Kwa msomaji wa Tanga au Mombasa, habari ya barafu shambani huenda ikasikika kama ya nchi za mbali. Sisi huku Njombe tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda kuelekea Makete na uwanda wa Kitulo unavuka mita 2,600. Kuanzia Juni mpaka Agosti, jua likiwa limehamia upande wa kaskazini, upepo unatuletea hewa baridi ya kusini. Siku nyingi ni za ukungu na manyunyu, jua halionekani mpaka mchana, watu wanatembea na makoti mazito na kofia za sufu, na jiko la mkaa linaingizwa ndani.  Kisha, katikati ya ukungu huo, zinakuja siku chache za anga safi. Mchana jua linang'aa, watu wanafurahi, wanaanika nguo na mahindi. Usiku wake ndio tunaoamkia sakitu, ambayo wengi tunaiita barafu tu.

Nilikuwa katibu wa kikundi chetu cha wakulima wa parachichi. Nilikuwa nimehudhuria mafunzo, nina daftari lililojaa maelezo ya nafasi kati ya mche na mche, kina cha shimo, kiasi cha samadi. Nina simu inayopokea utabiri wa hali ya hewa. Ukiwa na vitu hivyo kijijini, watu wanakusikiliza, na baada ya muda wewe mwenyewe unajisikiliza kupita kiasi. Hapo ndipo nilipokuwa.

Mama mdogo alikuwa ameuza mtamba wake ili anunue miche ya kubebesha ya parachichi aina ya Hass. Aliipanda Desemba, mvua ziliposhika, katika shamba lake la chini, pale mteremko unapoishia karibu na vinyungu, yaani bustani za bondeni, mbele ya safu nene ya miwati. Kufika mwisho wa Mei alikwishajenga juu ya kila mche kibanda kidogo: fito tatu zimekutanishwa juu, nyasi kavu zimefungwa kwa kamba ya mgomba, upande mmoja umeachwa wazi mwanga upite. Hakuna mafunzo yaliyomfundisha hivyo. Mama yake alikuwa akifunika vitalu vya mboga namna ileile, naye alikua akiona.

Nilipopita kukagua mashamba ya wanakikundi, niliiona miche yake imepauka kidogo, majani ya ndani yana umanjano. Nikamwambia inakosa jua. Katika daftari langu ilikuwa imeandikwa kwamba parachichi linataka mwanga wa kutosha, na hilo ni sahihi. Ila sikuwa nimeandika mche wa mwaka wa kwanza ufanyiwe nini kipupwe kikiingia, kwa sababu siku ile ya mafunzo sikuuliza. Nikamshauri afunue.

Hakunibishia moja kwa moja. Jioni alikuja nyumbani, akasimama uani akiangalia juu. Ukungu wa siku zote ulikuwa umeondoka mchana ule, na upepo ulikuwa umelala.

"Mwanangu," akasema, "anga limekuwa wazi mno. Mimi naona niiache ilivyo, mpaka mwezi huu upite."

Nikamwonyesha simu. "Mama mdogo, wamesema nyuzi 4. Maji hayagandi mpaka yafike sifuri. Utaiua miche kwa giza bure."

Akaniuliza kama nina uhakika. Nikasema ninao. Kesho yake alifunua shamba zima, nyasi akazipeleka kwa ng'ombe. Na kwa kuwa nilijiona nimeshinda hoja, nililirudia neno lile kwenye mkutano wa kikundi: nyuzi 4, hakuna wasiwasi, miche ipate jua. Wengine wakafunua pia.

Utabiri haukukosea. Niliyekosea ni mimi, kwa kusoma tarakimu bila kujua imepimwa wapi. Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa hukaa ndani ya kisanduku cheupe chenye mianya, kwenye kimo cha kati ya mita 1.25 na 2 kutoka ardhini. Kinapima hewa ya pale, kwenye kimo cha kifua cha mtu au zaidi. Mche mchanga wa parachichi hauna kimo hicho. Usiku usio na mawingu wala upepo, ardhi inapoteza joto lake moja kwa moja kwenda juu, na hewa iliyogusana na nyasi inaweza kuwa nyuzi 3 hadi 5 chini ya ile iliyo kwenye kisanduku. Mawingu yakiwepo, sehemu ya joto hilo inarudishwa chini. Upepo ukivuma, hewa ya juu yenye joto kidogo inachanganyika na ya chini. Kwa hiyo usiku wa ukungu na manyunyu, ule unaotutetemesha mpaka mifupa, mara nyingi ni salama kwa mimea. Usiku wa hatari ni ule mzuri, wenye nyota.

Kisha kuna suala la bonde. Hewa baridi ni nzito, inateremka taratibu kwenye mteremko kama maji yanayotafuta mto, na ikikuta kizuizi inatuama. Ile safu ya miwati chini ya shamba la mama mdogo, ambayo mimi mwenyewe niliisifu kwa kukinga upepo, ilikuwa imeziba njia. Hewa ya mlima mzima ililala kwenye miche yake. Wenye mashamba ya katikati ya mteremko, hatua chache tu juu yake, walipata madhara madogo. Mtu yeyote aliyewahi kulima viazi vinyunguni anajua kwamba chini kunaungua kuliko juu. Hata mimi nilijua. Nilijua kwa viazi, sikujisumbua kufikiri kwa parachichi.

Baada ya mkutano ule, siku moja niliamka alfajiri na kuona ua wote mweupe. Bakuli la maji ya kuku lilikuwa na ganda ambalo ilibidi nilivunje kwa kisigino. Sikunywa hata chai, nikateremka. Mama mdogo alikuwa ameshafika, amejifunga khanga mbili juu ya koti. Majani ya miche bado yalikuwa ya kijani, na mtu asiyejua angedhani yamepona. Ila yalikuwa makavu na magumu, ukilikunja jani linakatika. Maji yakiganda katikati ya chembe za jani huvuta yale yaliyomo ndani yake, na chembe zinakufa kabla hujaona alama yoyote kwa nje. Jua lilipovuka miwati na kuyagusa, yakalegea, yakatota, yakaning'inia. Jioni ile yalikuwa meusi kutoka mche wa kwanza mpaka wa mwisho.

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema. Ningemwambia pale pale, "Mama mdogo, nimekukosea." Badala yake nilimwambia, "Pole. Baridi ya mwaka huu si ya kawaida."

Ninayoyaonea haya zaidi yalifuata. Kikundi kilipokutana kutathmini hasara, nilisimama nikazungumzia mabadiliko ya tabianchi. Nilizungumza vizuri. Nilisema misimu haitabiriki tena, na wakulima wadogo ndio wanaoumia kwa makosa ya dunia. Kuna ukweli mkubwa katika maneno hayo, na ndiyo maana naona nimetenda vibaya kuyatumia kama blanketi la kujifunika. Sakitu haikuanza mwaka jana huku kwetu. Wazee waliokuwa wamekaa mkutanoni walikuwa wameishi nayo tangu utotoni. Walinisikiliza kwa adabu, hakuna aliyenipinga, na mama mdogo alikuwa amekaa mstari wa nyuma, mikono mapajani, akiangalia chini. Alikuwa na kila sababu ya kusema. Hakusema, kwa kuwa mimi ni mtoto wa dada yake.

Nikaongeza kosa juu ya kosa. Niliwaambia wang'oe miche iliyoungua, mashamba yasafishwe mapema yawe tayari kwa mvua za Novemba. Waling'oa. Mama mdogo aling'oa yote. Jirani yetu mmoja alikuwa amekwenda msibani Makambako, akakaa huko muda mrefu, na miche yake ikabaki imesimama, myeusi, inasikitisha kuitazama. Aliporudi, hakuwa na nguvu ya kuishughulikia. Mnamo Septemba nilipita kwake nikaona kitu chekundu kwenye shina moja. Nikainama. Lilikuwa chipukizi, na lilikuwa limetokea juu ya pale ilipobebeshwa, maana yake bado ni Hass. Nikakwangua gome kwa ukucha kwenye shina la pili: chini ya weusi palikuwa na kijani, na unyevu. La tatu vilevile. Si yote yaliyopona, na mengine yalichipua chini ya mahali pa kubebeshea, ambayo ni maparachichi ya kienyeji tu, hayana soko la nje. Lakini zaidi ya nusu ya shamba lake ilirudi.

Mche ulioungua na baridi haukatwi wala haung'olewi mapema. Unaachwa mpaka wenyewe uonyeshe uhai umeishia wapi. Jambo hilo lingenigharimu simu moja kwa bwana shamba. Sikuipiga, kwa sababu kuuliza kungekuwa kukiri kwamba sijui, na nilikuwa nimeshaanza kuogopa hilo kuliko nilivyoogopa hasara ya watu.

Kwa hiyo wanaoniuliza, haya ndiyo ninayoyajua sasa. Utabiri wa msimu wa kipupwe unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa usomeni, na wa kila siku pia, lakini mtu wa bondeni atoe nyuzi kadhaa kwenye tarakimu atakayoisikia. Jioni mtoke nje muangalie. Ukungu ukiondoka ghafla, upepo ukilala, hewa ikiwa kavu, na nyota zikiwa kali, mfunike kabla jua halijazama, maana kinachohifadhiwa ni joto la ardhi na halitakusubiri. Vibanda vya nyasi kama vya mama mdogo vinatosha, mradi asubuhi upande wa jua ufunguliwe. Mwenye maji amwagilie udongo mchana uliotangulia, kwa kuwa udongo wenye unyevu unatunza joto kuliko mkavu. Matandazo mazito chini ya mche yasogezwe pembeni kwa miezi hii. Yanazuia joto la ardhi lisiufikie mche usiku. Wanaochoma majani mabichi wapate moshi wanajichosha, moshi hauzuii joto kupotea. Na ile miwati ya chini ifunguliwe njia, hewa ipite iende zake. Miche mipya, kama kuna anayepanga kuipanda vinyunguni, aipande juu, mteremkoni.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa mama mdogo. Nilimkuta anachambua maharage. Nikamsalimia, "Kamwene," akanijibu, akanipa kigoda. Nikamwambia yote, la nyuzi 4, la mkutano, la kung'oa, na kwamba niliona chipukizi kwa jirani nikanyamaza kwa sababu yeye alikuwa ameshang'oa kwa maneno yangu. Hilo la mwisho hakuwa analijua. Aliacha kuchambua. Akauliza, "Ya kwangu nayo ingechipua?" Nikasema huenda mingine. Akakaa muda bila kunitazama, kisha akasema nisimwambie pole, niende nikamkatie fito, maana mwaka huu atafunika hata mboga.

Fito nimezikata. Miche ya kurudishia shamba lake nimeiagiza kitaluni, itakuwa tayari mvua zikianza, na ukatibu nimeurudisha kwa kikundi. Wapo wengine walionisikiliza siku ile ya mkutano wakafunua mashamba yao, na wapo waliong'oa. Sina orodha yenu yote, kwa kuwa niliona aibu kuiandika. Mje nyumbani mniambie ni miche mingapi. Sitaweza kuilipa yote mwaka huu, ila nitaiandika, na nitaanza na waliopoteza mingi.