Lugha Ambayo Calcutta Haikuielewa

Zamani neno kunena lilikuwa la watu wote. Mshairi alinena, mzee barazani alinena, na hakimu alipokata shauri watu walisema amekwisha nena. Leo ukimwambia kijana wa Mbeya au Kisumu kwamba dada fulani amenena, hatakuuliza amesema nini. Ataelewa mara moja kuwa ni mambo ya kanisani: dada amejazwa Roho, sasa ananena kwa lugha. Lakini si neno peke yake lililobadilika. Imani iliyo nyuma yake nayo ilibadilika, tena ndani ya miaka michache, na wengi wanaonena leo hawajawahi kusimuliwa habari hiyo. Wapentekoste wa kwanza hawakufikiri kwamba wanatumia lugha ya maombi. Waliamini wanasema Kichina, Kibengali na lugha nyingine za wanadamu. Matumaini yao yalivunjika, na kuvunjika huko, kwa maoni yangu, kuliwasogeza karibu na mtume Paulo kuliko walivyokuwa mwanzo. Tatizo letu ni kwamba mabadiliko hayo yaliishia njiani.

Tuanze Topeka, Kansas. Charles Parham alifungua shule ya Biblia huko mwaka 1900, akiwa na wanafunzi wapatao 40. Usiku wa kuamkia mwaka mpya wa 1901 walikesha katika maombi, na mwanafunzi aitwaye Agnes Ozman akaomba awekewe mikono. Alipoanza kutamka maneno yasiyojulikana, wenzake walisadiki kuwa ni Kichina. Hata alipochukua kalamu, michoro iliyotoka mkononi mwake ilihesabiwa kuwa maandishi ya Kichina. Ikachapishwa gazetini, na ukiitazama leo unaona mistari iliyopindapinda isiyo herufi ya Kichina wala ya taifa lolote. Parham alijenga juu yake fundisho zima: ikiwa Roho anatoa lugha za mataifa, mmisionari hana haja ya kukaa miaka akisoma sarufi. Tusiwacheke. Waliamini Yesu yu karibu kurudi, mataifa mengi hayajasikia habari njema, na muda umekwisha. Kwa watu wa imani hiyo, karama ya lugha haikuwa pambo la ibada bali ndiyo nauli ya kwenda kuhubiri. William Seymour, mhubiri mweusi ambaye wazazi wake walikuwa watumwa, alimsikiliza Parham huko Houston akiwa nje ya mlango wa darasa, kwa kuwa ubaguzi wa Texas haukumruhusu kuketi na weupe. Akalibeba fundisho hilo hadi Los Angeles. Tangu Aprili 1906, katika jengo kuukuu la namba 312 Mtaa wa Azusa, weusi na weupe waliomba pamoja, na gazeti lao lilijaa habari za watu waliopewa lugha za India, China na Afrika.

Kisha watu wakapanda meli. Alfred Garr, mchungaji aliyeipokea karama hiyo Azusa, aliondoka Marekani na mkewe Lillian akiamini amepewa lugha ya India. Mwanzoni mwa mwaka 1907 walikuwa Calcutta. Wabengali wakamsikiliza, wasielewe neno. Akabaki kuwahudumia wamisionari waliojua Kiingereza, na alipofika Hong Kong baadaye mwaka huohuo alihubiri kwa mkalimani, Mok Lai Chi. Hapa ndipo penye uzito kwangu. Garr angeweza kurudi nyumbani akitangaza kwamba yote yalikuwa udanganyifu, au angeweza kuwalaumu wenyeji kwa ugumu wa mioyo. Hakufanya hivyo. Alikubali kwamba karama haikumpa lugha ya kuhubiria, akaendelea kunena katika maombi yake, akafundisha kuwa kunena ni kwa ajili ya kumsifu Mungu na kumjenga anayeomba. Wenzake wengi wakafuata njia hiyo. Parham alishikilia fundisho la kwanza hadi alipofariki mwaka 1929.

Msomaji mkali atasema hiyo ni sizitaki mbichi hizi: lugha zimewashinda, ndipo wakasema hawakuzihitaji. Pingamizi hilo lingekuwa na nguvu kama maelezo mapya yangezaliwa Calcutta. Hayakuzaliwa huko. Katika habari za siku ya Pentekoste, Luka anasimulia wageni wa mataifa mengi wakielewa bila mkalimani, kila mtu kwa lugha ya kwao. Korintho ni habari nyingine. Mji ule ulikuwa na bandari mbili, Lekayo na Kenkrea, na mabaharia na wafanyabiashara wa kila pembe ya Bahari ya Kati, kama Mombasa ilivyo na Wahindi, Waarabu na Wapemba. Kama waumini wa pale wangekuwa wanasema lugha za kigeni, asingekosekana mchukuzi wa bandarini wa kuzitambua. Hata hivyo Paulo anawaandikia kwamba anenaye kwa lugha husema na Mungu kwa kuwa hakuna amwelewaye, na kwamba akili yake mwenyewe haipati matunda. Tafsiri nayo anaiita karama, haiiti elimu. Kiswahili chetu kimeficha jambo moja hapa. Neno la Kigiriki, glossa, ni ulimi na ni lugha pia. Watafsiri wetu walilazimika kuchagua, wakaandika ndimi palipo na moto na lugha palipo na kusema, nasi tukaizoea lugha kama kitu chenye sarufi na kamusi. Paulo hakudai hivyo.

Kwa sababu hiyo utafiti wa wanaisimu haunitishi. William Samarin, aliyewahi kuwa mmisionari na kuzifahamu vyema lugha za Afrika ya Kati, alichapisha kitabu mwaka 1972 akionyesha kwamba silabi za wanaonena hutoka katika lugha wanazozijua tayari, zikirudiwarudiwa, bila sarufi inayounganisha sauti na maana. Kweli hiyo ingemwangusha Parham. Mtu anayeomba hadi maneno yanamwishia haimwangushi, na Paulo huyohuyo aliwaandikia Warumi juu ya kuugua kusikotamkika. Wapo pia wanaosema karama ilikoma zamani, wakimtaja Yohane Krisostomo, ambaye katika karne ya 4 alikiri kwamba mambo hayo hayakuonekana tena siku zake. Lakini kutoonekana si kukatazwa, na Paulo aliagiza wazi wanenao wasizuiwe.

Sasa nije kwenye lile lililoishia njiani. Parham alifundisha kwamba kunena ndiyo ushahidi wa ubatizo wa Roho, na kwake neno ushahidi lilikuwa na maana kamili: kama ni Kichina, Mchina atakuja athibitishe. Garr alipokwama Calcutta, kipimo hicho kilikufa. Fundisho la ushahidi halikufa nacho. Assemblies of God, kanisa lililoundwa mwaka 1914, liliandika mwaka 1916 kwamba kunena ndiyo dalili ya kwanza inayoonekana, na mwaka 1918 F. F. Bosworth akajiondoa kwa sababu hakukubali iwe dalili ya kila mtu. Naona Bosworth alikuwa na haki. Paulo aliuliza kama wote hunena kwa lugha, na swali lake linangoja jibu la hapana. Hata Afrika Mashariki tunao ushahidi mkubwa: uamsho wa Walokole, uliotoka Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930 ukafika Uganda, Kenya na Tanganyika, ulijulikana kwa watu kuungama, kurudisha mali walizoiba na kupatana na maadui. Kunena hakukuwa kipimo chao. Nani atathubutu kusema Roho aliwapita?

Ndugu wachungaji, mnapowaita vijana mbele na kuwaambia warudie silabi mpaka ndimi zilegee, mnadai ushahidi ambao waanzilishi wenu wenyewe walishindwa kuupata. Wasimulieni habari za Garr. Wasomeeni Waraka wa Kwanza wa Paulo kwa Wakorintho, sura ya 12 hadi ya 14, bila kuruka: wawili au wasiozidi watatu, kwa zamu, na mtu wa kufasiri. Asipokuwapo wa kufasiri, zimeni kipaza sauti, anayenena aseme na Mungu wake kimya. Na binti aliyeomba mwaka mzima asinene, msimhesabu kuwa mpungufu.